Mchango wa Kiwanja, Mchoro wa Mtaa

Kauntabuku ya kamati yetu ya urasimishaji, yaani kupanga, kupima na kumilikisha viwanja vya mtaa uliojengwa bila mpango, bado imo kabatini kwangu, kwa kuwa nilikuwa mweka hazina na hakuna aliyekuja kuichukua. Kurasa za mwanzo zimejaa majina, viasi na saini. Kuanzia ukurasa wa tisa majina yanaendelea, lakini mahali pa kiasi pana neno "ahadi" lililoandikwa kwa penseli.

Husemwa kwamba wananchi hawataki kuchangia gharama za kazi hiyo, jambo ambalo siliamini. William Lukuvi, alipokuwa Waziri wa Ardhi, alishusha ukomo wa mchango kutoka Sh250,000 hadi Sh150,000 kwa kiwanja, nasi tulishangilia. Hata hivyo kasoro ilibaki palepale, kwani mchango hutozwa kwa kiwanja ilhali mchoro wa mipangomiji, yaani ramani ya viwanja na barabara, huandaliwa kwa mtaa mzima. Mchoraji wa ramani hiyo hawezi kumruka asiyelipa, maana barabara inapita ukutani kwake. Mtaa wenye viwanja 400 unahitaji Sh milioni 60. Wakilipa nusu yao, kampuni iliyopewa kazi ya kupanga na kupima inabaki na milioni 30 mkononi baada ya kuwachorea wote 400. Hapo ndipo simu za kampuni zinapoanza kutopokelewa, na aliyelipa siku ya kwanza anasubiri hati sawa na ambaye hajatoa hata senti.

Jirani yangu mmoja, mama muuza vitumbua, alimaliza deni lake kwa awamu tano. Bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, zimo uani kwake, na mojawapo ndiyo anayowekea ndoo ya maji. Kila tukikutana huniuliza, "Baba Neema, hati yangu imefika wapi?" Stakabadhi zake zote anazo, tena kazifunga kwenye mfuko wa nailoni.

Mwaka wa fedha 2021/22 Serikali ilitenga Sh bilioni 50 kuzikopesha halmashauri bila riba kwa ajili ya kupanga, kupima na kumilikisha ardhi. Halmashauri kadhaa zilichelewa kurejesha, ni kweli, lakini angalau hapo alipatikana wa kutanguliza fedha. Kwa maoni yangu, gharama ya mchoro ingebebwa kwanza na halmashauri, kisha kila mmiliki akairejeshe siku anapochukua hati, na mchango wa awali ukabaki kuwa wa bikoni za kiwanja chake tu. Kwa utaratibu huo, yule mama angekuwa na hati yake bila kumngoja jirani wa ukurasa wa tisa.