Siku moja kwenye duka la pama, Fort Worth, bei zikiwa juu

Saa 12:30 asubuhi

Nawasha mashine ya mvuke kabla ya taa za dukani, maana inachukua muda kupata moto na kazi yangu ya siku nzima inaitegemea. Mimi ni fundi wa kofia katika duka moja la Fort Worth, Texas, jirani na Stockyards, mtaa uliokuwa mnada mkubwa wa ng'ombe. Tunauza pama: za majani wakati wa joto, za felti, yaani manyoya yaliyoshindiliwa mpaka yakashikana, kuanzia Septemba. Wengi hapa bado wanashika desturi ya zamani. Ikishapita Siku ya Wafanyakazi, ambayo kwao ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba, kofia ya majani inawekwa kabatini na ya felti inatolewa. Ndiyo maana wiki hizi watu wengi wanakutana na bei mpya kwa mara ya kwanza, na mimi ndiye ninayesimama mbele yao wakiisoma.

Saa 1 asubuhi

Kabla ya wateja, ukarabati. Leo mezani ipo pama ya rangi ya fedha ya mzee mmoja mwenye ranchi upande wa Weatherford. Ameivaa miaka mingi. Mkanda wa ngozi wa ndani umekatika, jasho limepanda hadi kwenye utepe, na ukingo umelegea mbele, pale anapozoea kuishika akisalimia. Nang'oa mkanda na utepe, naisafisha, naipiga mvuke mpaka inalainika mikononi, kisha naivalisha kwenye kalibu ya mti ya namba yake. Baada ya hapo ni pasi, halafu msasa laini kabisa, halafu brashi.

Felti nzuri inakubali haya yote na inarudi kama ilivyokuwa. Haifumwi wala haishonwi. Ni manyoya laini ya ndani, ya sungura au ya biva, yule mnyama wa mtoni anayekata miti kwa meno. Kila unyoya una magamba madogo mno, na ukiyatia maji ya moto na kuyashindilia yanashikana yasiachane tena. Koni ya kwanza inayotoka mashinini, yaani manyoya yaliyoshikana ambayo bado hayajapata umbo la kofia, ni kubwa kiasi cha kumfunika mtoto. Inaloweshwa, inabanwa, inazungushwa, inarudiwa tena na tena mpaka inanywea na kuwa nene. Zamani manyoya yalitayarishwa kwa zebaki, na sumu yake iliwaharibu mafundi mikono na akili, mpaka Marekani ilipoipiga marufuku kazini mwaka 1941. Nikishika kofia kama hii ya mzee huwa nawakumbuka watu wale. Kazi hii haijawahi kuwa rahisi, hata ilipokuwa ya bei rahisi.

Zamani ukarabati ulikuwa kazi ya kujazia muda. Sasa rafu yangu imejaa, na mzee huyu mwenyewe aliniambia wazi kwamba angekuwa na pesa ya mpya asingenisumbua. Nilimjibu kwamba hanisumbui, na kwamba felti ya kofia yake ni bora kuliko nyingi zilizoko dukani kwetu leo. Sikusema hivyo ili kumpendeza. Ndivyo ilivyo.

Saa 3 asubuhi

Mteja wa kwanza ni kijana anayefanya kazi na ng'ombe. Buti zake zina vumbi la kweli. Anataka pama ya felti ya kazini, ya kukinga mvua na baridi, anageuza lebo ya bei, anairudisha taratibu.

Kabla ya korona, kofia yetu ya chini kabisa ya manyoya ya sungura ilikuwa haifiki dola 200. Leo imepita 250. Ya biva mtupu imevuka 1,000, na kuna watu wanaoinunua bila hata kuuliza. Katikati ndipo palipoumia. Zamani mfanyakazi wa ranchi alikuwa na pama mbili, ya kazini na ya kanisani. Sasa anachagua moja, au anaivaa ya majani mpaka Desemba huku masikio yanaganda.

Kijana anauliza kuhusu zile X zilizopigwa muhuri kwenye mkanda wa ndani. Ya 6X na ya 10X zinatofautiana nini? Hapa nasema ukweli, hata kama mauzo yatapungua. X nyingi maana yake ni daraja la juu ndani ya kiwanda kilekile. Hakuna sheria wala chombo kinachosimamia herufi hiyo, kila kiwanda kina hesabu yake, kwa hiyo 10X ya huyu inaweza kuzidiwa na 6X ya yule. Hasa wakati bei zimepanda, mtu asinunue herufi. Ashike ukingo, aukunje kidogo na kuuachia: ukirudi wenyewe bila kuacha alama, hiyo ni felti. Apitishe kiganja juu: isiwe na mabonge wala ukavu wa karatasi.

Anaangalia pia ya sufu ya kondoo, ambayo ni chini ya dola 100. Ninazo, ninaziuza, na mtu wa harusi moja au picha moja itamfaa. Kwa kazi ya mvua sikubali kumdanganya mtu. Sufu ikilowa inalegea na kunywea, na ikishapoteza umbo sina cha kuifanya kwenye mvuke.

Tunakubaliana alipe kidogo kidogo. Anaacha dola 40 na vipimo vya kichwa chake. Namba yake imeisha rafuni, itabidi niagize.

Saa 5:30 asubuhi

Kila siku saa hii ng'ombe wa pembe ndefu wanapitishwa Exchange Avenue, na watalii wanajaa kandokando ya barabara ya matofali. Mimi nimezaliwa Karagwe, na pembe zile zinanikumbusha ng'ombe wa Ankole kila ninapoziona.

Leo mteja mwingine naye amesimama mlangoni akizitazama hizo pembe, na nikajua anakotoka kabla hajafungua mdomo. Baba wa makamo, Mkongomani wa Kivu Kusini, wa kule juu kwenye milima ya wafugaji. Fort Worth ina Wakongomani wengi, na Kiswahili chetu kinakutana dukani hivihivi.

"Dada, hii kofia ni ya ngapi?"

Nikamtajia. Akanyamaza.

"Tunapokea wakwe Jumamosi ijayo. Siwezi kukaa mbele yao kichwa wazi."

Namwelewa kabisa. Hata kwetu, siku ya mahari mzee anavaa koti, anashika fimbo, anavaa pama. Kofia ile inasema huyu ni msemaji wa ukoo, amekuja kwa heshima. Baba huyu anafanya kazi ya usiku kwenye ghala, na dola 250 kwake ni chakula cha nyumba nzima.

"Baba, unaihitaji mpya, au unaihitaji nzuri?"

Nikamtolea ya kahawia kutoka kabati la zilizokarabatiwa, mali ya duka. Manyoya ya sungura, mkanda mpya wa ngozi niliushona mwenyewe. Ilikuwa namba moja zaidi ya kichwa chake, nikaipunguza kwa kipande cha ndani na mvuke kidogo, nikamkunjia ukingo alivyopenda, nyuma juu kidogo, mbele chini. Akajitazama kwenye kioo muda mrefu. Amelipa dola 110.

Saa 7 mchana

Wali na maharage nilivyobeba nyumbani. Bosi wangu, mama wa hapahapa Texas aliyerithi duka kwa baba yake, anakuja na orodha mpya ya bei kutoka kwa wanaotuuzia. Imepanda tena. Anaiweka mezani bila neno.

Wateja wengi wanafikiri sisi ndio tunaopandisha. Ningependa kila mmoja aione karatasi ile. Sungura wengi wa kofia wanatoka Ulaya, na manyoya yao hupatikana kwa sababu kuna watu wanaokula nyama yake. Ulaji wake ukipungua, manyoya nayo yanapungua, hakuna anayefuga sungura kwa ajili ya pama peke yake. Biva wanategwa Kanada na Marekani, na watu wa mitego wanazidi kuzeeka. Halafu viwanda vinavyotengeneza felti yenyewe, ile koni kabla haijawa kofia, vimebaki vya kuhesabu: kimoja kikubwa São João da Madeira huko Ureno, kingine Nový Jičín huko Czech, vya Brazil, na vya hapa Marekani kama kile cha Winchester, Tennessee. Hata duka linalojisifu kwamba kofia zake zimetengenezwa kwa mkono mara nyingi limenunua koni kwa mmoja wa hawa. Mwaka 2025 ukaongezeka ushuru mpya wa Marekani kwa bidhaa za nje, na koni ya Ureno ikafika ghali zaidi kabla hata haijaguswa.

Wakati huohuo wanunuzi wameongezeka. Mtindo wa kikauboi umerudi kwenye muziki na televisheni, vijana wa miji mikubwa wanataka pama, na wana pesa. Siwachukii, ndio wanaolipa mshahara wangu. Ila wanagombea manyoya yaleyale machache na mtu ambaye kofia ni kinga yake dhidi ya mvua ya mawe.

Saa 9 alasiri

Bibi harusi mtarajiwa na marafiki zake, kutoka Chicago. Kofia za sufu nyeupe, za picha. Wamefurahi, nimefurahi nao. Baadaye mtu mmoja amerudisha pama ya sufu aliyonunua mtandaoni, imelala kama jani la mgomba baada ya mvua. Nimemwambia siwezi.

Saa 11 jioni

Tumekaa na bosi kuandika oda ya maonyesho ya mifugo na rodeo, mashindano ya wachunga ng'ombe, ya Januari, ambayo Fort Worth imeyaandaa tangu 1896 na ndiyo mavuno yetu. Yeye alitaka kuongeza za biva mtupu, kwa kuwa faida ya moja inazidi ya tano za sungura. Nimembishia. Nimemwonyesha daftari la ukarabati na majina ya wanaolipa kidogo kidogo: karibu wote ni watu wa ranchi, wachunga farasi, wazee wa makanisa. Hawa walivaa pama kabla ya televisheni, na wataendelea kuvaa mtindo ukishapita. Tukiwaacha wazoee kofia za sufu na majani mwaka mzima, watoto wao hawatajua felti ni nini, na biva zetu za dola 1,000 tutawauzia nani?

Amefikiri. Tumepunguza biva, tumeongeza sungura wa daraja la chini katika namba kubwa zinazoisha haraka, na pesa iliyobaki inanunua kalibu zaidi za mti na ngozi ya mikanda kwa ajili ya ukarabati. Ameniuliza kama naweza kumfundisha mtu wa pili kazi hiyo. Naweza.

Oda imetumwa saa 12 kasorobo. Kijana wa asubuhi nimemwandikia ujumbe kwamba namba yake imo, na kwamba bei tuliyoandika kwenye risiti yake haitabadilika, hata hii mpya ikianza kutumika.