Nyaya za injini huumizwa na fundi aliyekuja kwa kazi nyingine

Miaka yangu mingi hangani imepita kwenye ndege ndogo za Cessna Caravan na injini zake za aina ya PT6A, na sikumbuki fundi aliyeharibu fungu la nyaya alipokuwa akilishughulikia lenyewe. Huharibika mtu anapobadilisha pampu au jenereta, akakuta nyaya zimemkingia njia, akazivuta pembeni na kuziegemea kwa kiwiko.

Nililijua hilo kwa aibu. Siku tuliyofungua jenereta, niliacha plagi moja ya kuunganisha nyaya ikining'inia kwa uzito wake tangu asubuhi hadi jioni. Siku mbili baadaye rubani aliripoti kwamba mshale wa geji ya joto unarukaruka. Tulihangaika na geji yenyewe kwanza, kumbe waya ulikuwa umechomoka nusu nyuma ya plagi ile, mahali ambapo jicho halifiki bila kioo na tochi.

Sasa, kabla spana haijagusa nati ya kwanza, napiga picha ya njia nzima ya nyaya. Plagi ikifunguliwa huvishwa kifuniko papo hapo, mafuta yasiingie, na fungu lililobaki huru hufungwa kwa utepe mahali imara bila kupindwa kwa ukali: kwa kawaida nusu kipenyo cha kona hakipungui mara 10 ya kipenyo cha waya mnene kuliko zote.

Klampu, vile vishikizo vya chuma vyenye mpira ndani vinavyoshika nyaya, ndizo ninazozihofia zaidi. Mpira wake ukichakaa kwa joto na mafuta, ukingo wa chuma hubaki wazi na mtetemo wa injini huugeuza msumeno. Niliwahi kufungua klampu iliyoonekana safi kabisa kwa nje, nikakuta ganda la waya limeliwa hadi chuma cha ndani kinang'aa. Kuzungushia utepe hapo ni kuficha kidonda. Klampu hubadilishwa kwa nyingine ya kipimo kilekile, yenye mpira unaohimili joto la mahali hapo, na waya hurekebishwa kama kitabu cha matengenezo kinavyoagiza.

Wakati wa kufunga nabonyeza fungu kwa kidole katikati ya klampu mbili, na likibonyea zaidi ya nusu inchi, yaani milimita 12.7, najua limelegea mno. Kisha mwenzangu husukuma leva za injini kutoka mwanzo hadi mwisho, nami namulika kuona kama kuna kinachogusa waya.

Mwisho nahesabu vipande vilivyokatwa vya waya wa kuzuia nati zisilegee. Juzi nilikata vipande 7, mkononi nikawa na 6. Cha saba kilikuwa kimejichomeka ndani ya fungu, nyuma ya klampu niliyokuwa nimetoka kuikaza.