Kikombe cha Baba

Magomeni, Jumapili usiku. Mvua haijakatika, umeme ndio umekatika.

Leo nimemfuma Shangazi akiosha kikombe cha Baba peke yake, kwa maji ya moto, kisha akakipindua dirishani mbali na vyombo vingine. Nilipomuuliza akashusha sauti: "Mwanangu, si ulisema mwenyewe hivyo vidude vinaambukizana?"

Kweli nilisema. Jumatano, najifanya mjuzi, nilikuwa namweleza Baba kuhusu Parkinson yake, huu ugonjwa wa kutetemeka. Kwenye ubongo kuna protini inaitwa alfa-sinukleini. Ikijikunja vibaya inaweza kuipotosha nyingine iliyo nzima, nayo ikajikunja vilevile. Zinagandamana, nyingine zinatoka nje ya seli, seli ya jirani inazimeza, na huko mambo yanaanza upya. Baba, fundi cherehani mstaafu, akanikatiza: "Kama mwanafunzi anayekata shati kwa kupimia shati lililokosewa. Na mwenzake akapimia hilo la kwake. Mwisho duka zima mikono mifupi."

Mfano wake umeushinda wangu.

Kilichonishtua mimi ni habari ya 2008. Wagonjwa kadhaa wa Parkinson walikuwa wamepandikizwa seli changa za ubongo zilizotoka kwa vijusi. Walipofariki, miaka 11 hadi 16 baada ya upasuaji, ndani ya baadhi ya seli zile kulikutwa madonge yaleyale ya ugonjwa. Seli za umri ule zilipaswa kuwa safi. Wapo wanasayansi wanaosema kusambaa si hadithi yote, kwamba seli nyingine ni dhaifu zenyewe, lakini madonge yale yalifikaje huko?

Halafu kuna pua. Mjerumani Heiko Braak na wenzake walieleza mwaka 2003 kwamba kwa wengi madonge huonekana kwanza sehemu ya kunusia na chini kabisa ya ubongo, ndipo yanapanda hadi kwenye seli za dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili. Kutetemeka kunakuja nyuma. Niliposoma hapo nikakumbuka kanzu ya mteja, wiki ya Idi. Baba kasimama na pasi ya mkaa mkononi, moshi unapanda usoni kwake, mimi naisikia harufu kutoka uani, yeye hana habari. Nilimgombeza, nikamwambia uzembe. Mkono ulianza kutetemeka miaka sita baadaye.

Shangazi nimemwambia: ni seli kwa seli, ndani ya kichwa kimoja. Haipiti kwenye kikombe, wala sahani, wala kushikana mikono. Ya kuru sikumtajia, ule ugonjwa wa Wafore wa Papua New Guinea walioupata kwa kula ubongo wa marehemu wao mazishini. Nao ni wa protini iliyojikunja vibaya, ila protini yake ni nyingine, na Shangazi angehama usiku huuhuu.

Akaniitikia, "Haya, nimekusikia."

Sasa hivi nimepita jikoni na tochi ya simu. Kikombe kimerudi kabatini, lakini rafu ya juu, peke yake.