Nilivyoipanga Zanzibar kwa kuhesabu mwezi, nikiwa Dodoma

Ukitamka tu ofisini hapa Dodoma kwamba unataka kuipeleka familia Zanzibar, washauri hawakosekani. Mmoja atakutajia hoteli, mwingine Forodhani, na wa tatu, ambaye hajawahi hata kuvuka Chalinze, atakuapia kwamba Desemba ndiyo mwezi wake. Hakuna hata mmoja aliyenitajia habari ya maji kujaa na kupwa. Na mimi ni mtu wa huku bara. Maji mengi niliyoyazoea ni ya bwawa la Hombolo, na hayo yakipungua ndiyo basi tena mpaka mvua ya msimu mwingine.

Ulioniudhi zaidi ni ushauri wa mwenzangu wa kazini, tena mzaliwa wa Tanga. "Kaka, ondokeni mjini mapema, saa nne mko Paje. Ogeleeni mpaka saa nane, kisha mnarudi zenu mjini mnakula urojo." Nikaufuata neno kwa neno. Paje iko pwani ya mashariki ya Unguja, mwendo wa saa moja na ushee kutoka Mji Mkongwe. Nikakodi gari, watoto wakavaa nguo za kuogelea tangu chumbani, na yule mdogo akapanda garini na boya kiunoni.

Tulipofika bahari haikuwepo. Sisemi ilikuwa imepungua. Haikuwepo. Mbele yetu mchanga mweupe, vidimbwi vya maji ya kifundo cha mguu, ngalawa zimelala ubavu, na huko mbali kabisa, kwenye mwamba, mstari wa povu. Binti yangu akauliza kwa sauti, "Baba, wameifunga?" Dereva alicheka mpaka akaegemea usukani.

Tukaamua kuifuata. Tulitembea, tukatembea, jua la utosi, mke wangu ameshika mwavuli na hasira, na maji hayajafika magotini. Huko ndiko tulikomkuta bibi mmoja ameinama kati ya vijiti vilivyochomekwa mchangani kwa mistari, kamba zimefungwa kutoka kijiti hadi kijiti, na kwenye kila kamba vishada vya mwani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinuka, mikono inaendelea kufunga. Nikamuuliza kama bahari ya huku ina tatizo. Hapo akainuka.

"Bahari haina tatizo, mwanangu. Leo mwezi kumi na sita, bamvua hili. Ndiyo maana na mimi niko huku. Subirini alasiri, itawafuata mpaka kwenye minazi."

Alasiri! Sisi saa nane dereva alishaanza kupiga honi kama tulivyokubaliana naye, na maji ndiyo kwanza yanarudi. Niliyaona kwenye kioo cha pembeni, ya buluu kabisa, wakati tunaingia barabarani. Boya la mtoto lilirudi Dodoma kavu.

Lakini maneno ya yule bibi, kwamba ilikuwa siku ya kumi na sita tangu mwezi uandame, yalinikaa. Nyumbani nina kalenda ya ukutani ninayopewa na jirani yangu kila mwaka, yenye tarehe za Kiislamu chini ya zile za kawaida. Miaka yote nimeitumia kujua Idi itaangukia lini. Nikaishusha, nikachukua peni, nikaanza kazi ambayo mke wangu aliiita uganga.

Mambo yenyewe ni haya. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa pamoja, maji yanajaa sana na kupwa sana. Hilo ndilo bamvua, na Zanzibar tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Katikati ya hapo, kama siku ya saba au ya nane ya mwezi, na tena ya ishirini na moja au ishirini na mbili, ni maji mafu, na bahari haiendi mbali. Sasa ujanja wenyewe, ambao naona nastahili sifa kwa kuukokotoa peke yangu mezani: Unguja, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hujaa kwenye saa kumi hivi, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika kama hamsini. Basi. Ukijua leo mwezi ngapi, umejua utaoga saa ngapi, hata ukiwa Area C hapa Dodoma na vumbi lako.

Nikachagua mwezi kumi na tatu mpaka kumi na sita, makusudi, lakini safari hii tukalala hukohuko Paje. Asubuhi watoto walitembea hadi karibu na mwamba, wamevaa viatu vya plastiki (usiende huko peku, kuna wadudu weusi wenye miiba kama nungunungu, na miiba yenyewe hukatikia mguuni). Mchana tukalala. Alasiri bahari ikaja ilipoahidiwa, watoto wakaoga mpaka midomo ikatetemeka. Siku moja nilisimama ufukweni nikatangaza mbele ya wageni wengine kwamba maji yatafika kwenye gogo fulani kabla ya saa kumi. Yakafika. Tangu hapo mke wangu ananiita nahodha, ingawa sina hakika kama anasifu.

Asiyetaka hesabu zote hizi aende Nungwi au Kendwa, kaskazini, ambako maji hayakimbii mbali hivyo. Ila huko mwani hutauona kama Paje, na mimi naona hasara. Kilimo hicho kilianza pwani hii ya mashariki mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Bamvua ndilo huwapa nafasi ya kufika shambani, maana maji yasipopwa vya kutosha kamba hazifikiki. Mwani ukikauka unauzwa nje, unatolewa kitu cha kufanya dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi viwe vizito. Mwanangu wa kiume alikataa kupiga mswaki siku hiyo.

Safari yenyewe siku hizi si jambo. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, asubuhi uko hapa, mchana uko Dar, na boti ya mchana inakuvusha kwa saa mbili hivi. Treni elfu thelathini na kitu, boti nayo haiko mbali na hapo, watoto kuna punguzo. Beba kitambulisho, maana bei ya Mtanzania si ya mgeni. Kati ya Juni na Septemba kunavuma kusi na boti inaruka. Kaa nyuma, chini, tafuna tangawizi, na usimpe mtoto chipsi kabla ya kupanda. Hili la chipsi sielezi zaidi.

Mji Mkongwe, ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, tuliupa siku moja tu. Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, tuliliangalia kwa nje. Sehemu yake ilianguka Desemba 2020. Kilichonishika mimi ni mlango wa nyumba ya Tippu Tip pale Shangani. Misafara ya watu kama yeye ilipita Ugogo, yaani huku kwetu Dodoma, ikienda Tabora na Ujiji, ikarudi pwani na pembe za ndovu na watu waliotekwa. Nchi yetu ilikuwa kavu, visima vichache, na watemi wa Kigogo waliwatoza hongo ya nguo na shanga kabla hawajapita. Niliwasimulia watoto hayo, kisha tukaenda kwenye kanisa la Kianglikana lililojengwa pale lilipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Humo hata yule mdogo alinyamaza.

Kisiwa cha Changuu tulikwenda kwa mashua, kwa ajili ya kobe. Wa kwanza wanne waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Gereza lililojengwa kisiwani halikufungwa mfungwa, liliishia kuwa karantini ya wagonjwa, kwa hiyo usitishwe na jina lake jingine la Prison Island. Nauli ya mashua patana na nahodha mwenyewe ufukweni, usipitie kwa papasi, wale madalali wanaowaandama wageni mitaani.

Jirani yangu mwenye kalenda amesikia habari zangu, naye anataka kwenda Desemba na wajukuu wanaoogopa mawimbi. Nimemtafutia tarehe za maji mafu, bahari ijae saa nne asubuhi, waoge na kumaliza kabla jua halijakuwa kali. Sijamtoza kitu, ingawa kwa desturi za Ugogo nilistahili hongo.