Kumbukumbu ya mradi: PDF moja ya kurasa 412, nyaraka 37

Siku ya 1

Kesi ni ya shamba. Ilianzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, sasa imepanda Mahakama Kuu, na faili lote la zamani tumeletewa kwenye fleshi likiwa PDF moja: kurasa 412, jina lake Scan0007. Aliyeskani alijaza karatasi, akabonyeza, akaenda kunywa chai. Ndani mna maombi, majibu ya maombi, hati za kiapo, mwenendo wa shauri, hukumu, mikataba ya mauziano, risiti za ushuru, na ramani ya kalamu iliyolala ubavu.

Mimi ni karani kwenye ofisi ndogo ya mawakili hapa Morogoro. Wakili anataka kila waraka usimame peke yake, wenye jina linaloeleweka. Miaka yote nimeifanya kazi hii kwa mkono: natelezesha kurasa, naandika namba pembeni, nachapa kurasa 14 hadi 19 kama PDF mpya, narudi tena. Jioni macho mekundu kama ya mpika mandazi.

Leo nimeweka qpdf, programu ya kukata na kuunganisha PDF. Ni ya bure, na inakata bila kuichapa upya picha ya ukurasa, kwa hiyo haipunguzi ubora. Kukata kumechukua sekunde. Basi nikagundua kuwa kukata hakujawahi kuwa kazi. Kazi ni kujua kisu kipite wapi.

Siku ya 3

Kurasa hizi ni picha tupu, hata neno moja huwezi kulitafuta. Nimezipitisha kwenye Tesseract, programu ya kusoma maandishi yaliyo kwenye picha. Inakijua Kiswahili, na unaweza kuiambia isome lugha mbili kwa pamoja. Hilo kwetu ni lazima: ingawa Kiswahili kimekuwa lugha ya mahakama kwa sheria ya 2021, mafaili ya kabla ya hapo yamechanganyika, kiapo cha Kiingereza kinafuatwa na barua ya serikali ya kijiji.

Nikaandika skripti fupi (programu ndogo) kwa lugha ya kompyuta ya Python, yenye kanuni moja: ukurasa wenye "KATIKA BARAZA LA ARDHI" au "IN THE HIGH COURT" juu kabisa ndio mwanzo wa waraka mpya.

Kwa mkono nilihesabu nyaraka 37. Skripti imeniletea 61.

Nimekaa nazo usiku. Mwenendo wa shauri una uamuzi mdogo katikati, nao una kichwa chake. Viambatisho vya kiapo vina vichwa vyao pia, wakati haviruhusiwi kuachana na kiapo. Upande wa pili, kuna vichwa ambavyo skripti haikuviona kabisa kwa sababu muhuri wa bluu umegongwa juu yake. "BARAZA" ikasomeka "8ARA7A". Hapo nimeacha kudai herufi zilingane zote, nikatumia difflib ya Python inayopima maneno yamekaribiana kiasi gani. Imesaidia. Ila mwandiko wa mwenyekiti wa Baraza, kurasa 90 na ushee, Tesseract imeusoma kama mtu anayepiga chafya.

Siku ya 8

Ofisini tuna mzee aliyekuwa karani tangu enzi za taipureta. Amepita nyuma ya kiti changu, akasimama.

"Mdogo wangu, unatafuta nini humo?"

"Shikamoo mzee. Natafuta vichwa vya nyaraka, nijue kila moja inaanzia wapi."

"Marahaba. Kichwa kila mtu anacho. Tafuta mkia."

Akavuta kiti, akanionyesha kwa kidole kwenye kioo (alama ya kidole iko mpaka sasa). Kiapo kinaishia kwa "Mbele yangu", sahihi, muhuri wa Kamishna wa Viapo. Maombi yanaishia kwa "Imeandaliwa na kuwasilishwa na", halafu anuani. Hukumu inaishia kwa tarehe na maelezo kwamba haki ya kukata rufaa imeelezwa. Kielelezo hakina mkia, lakini kina kibandiko au maandishi ya mkono: P1, P2 vya mdai, D1 vya mdaiwa.

Nimeongeza mikia. Sasa ukurasa unahesabiwa kuwa mwanzo kama una kichwa *na* ule uliotangulia una mkia, au kama una alama ya kielelezo. Kutoka 61 zimeshuka hadi 41, na kati ya zile 37 za kweli zimekosekana 2 tu. Sitaisukuma zaidi. Skripti inapendekeza, mimi naamua: inanitolea karatasi ya picha ndogo ndogo za kurasa, penye pendekezo pana mstari mwekundu. Naipitia kwa dakika kumi.

Siku ya 12

Nusura niaibike. Wakili aliniomba hati ya kiapo ya kurasa 6 kutoka PDF nyingine, ile tuliyoiunganisha wenyewe ofisini, aitume kwa upande wa pili. Nikakata, nikaifungua kwenye simu kabla ya kutuma. Pembeni ikajitokeza orodha ya alamisho (majina ya kurukia sehemu za faili) za faili zima, mojawapo: "Maoni yetu – udhaifu wa shahidi wa pili". Kurasa zenyewe hazimo, majina yamebaki!

Nimerudi kusoma maelekezo ya qpdf. Ukiipa faili kama msingi, inachukua kurasa ulizotaka lakini vitu vya faili zima, alamisho zikiwemo, vinabaki vya faili la msingi. Dawa ni kuanza na faili tupu:

`qpdf --empty --pages faili.pdf 14-19 -- kiapo.pdf`

Tangu leo skripti haina njia nyingine ya kukata. Na jingine la kukumbuka: PDF iliyotiwa sahihi ya kidijitali ukiikata, sahihi inakufa. Faili mama haliguswi. Nimeandika sha256 yake (namba ndefu inayobadilika faili likiguswa hata kidogo) kwenye daftari ili nikiulizwa nionyeshe kuwa ni lilelile.

Siku ya 15

Mapendekezo niliyoyakubali yanaingia kwenye jedwali lenye safu tatu: mwanzo, mwisho, jina. Majina yanaanza na 01, 02, 03. Nilianza na 1, 2, 3, kompyuta ikaiweka 10 kabla ya 2 na wakili akanitazama.

Mwisho skripti inajumlisha kurasa za vipande vyote na kulinganisha na faili mama. Waraka uliokatwa vibaya mtu atauona. Ukurasa uliopotea hataujua mpaka siku ya kusikilizwa. Leo jumla imetoka 411.

Aliyebaki nje ni ukurasa wa 288: nyuma ya risiti, tarehe ya kalamu na herufi mbili zinazofanana na P4 au R4. Risiti za ushuru ziko nne na zote rangi moja. Jumatatu naenda masjala kuomba kuona faili la karatasi. Mzee amesema nibebe tochi.