Tende, Moshi wa Tairi na Saa ya Martinsville

Kutoka Greensboro, North Carolina, kwenda uwanja wa mbio za magari wa Martinsville, tulikokuwa tukienda kuona mbio za pikapu, kuna njia mbili. Ya haraka ni barabara ya 220, ambayo ndani ya saa moja hivi inakufikisha Virginia. Sisi tulishika ile ya kuzunguka, kupitia Danville, kwa sababu nilitaka kupita mji wa marehemu Wendell Scott, dereva wa mbio, kabla sijaona pikapu hata moja ikikimbia. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani, tarehe 28 Machi 2025. Tuliondoka baada ya sala ya Ijumaa, mimi nikiwa na swaumu yangu, na jirani yangu akiwa kwenye usukani na pakiti ya karanga mapajani. Yeye ni Mkongo wa Uvira, Kivu ya Kusini, Mkristo, aliyekaa miaka mingi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma. Alikula zile karanga hadi mpaka wa jimbo bila kunionea haya.

Danville ni mji uliokuwa ukiishi kwa tumbaku na nguo. Scott alizaliwa huko mwaka 1921, akaendesha teksi, akawa fundi wa magari jeshini wakati wa Vita vya Pili, na aliporudi akasafirisha pombe ya magendo usiku huku polisi wakimfukuza. Ndiko alikojifunzia kona. Tarehe 1 Desemba 1963, huko Jacksonville, Florida, alishinda mbio za daraja la juu kabisa la NASCAR, shirika linaloendesha mbio hizi za magari Marekani, Mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Alikuwa amemtangulia wa pili, Buck Baker, kwa mizunguko miwili mizima, lakini kombe akapewa Baker. Waandaaji walikuja kukiri kuwa mshindi ni Scott baadaye, watu wakiwa wameshaondoka. Alifariki mwaka 1990, na kombe la mbio zile familia yake ilikabidhiwa mwaka 2021.

Tulisimama kwenye kibao cha historia walichomwekea pale mjini. Jirani alikisoma chote, kisha akauliza swali moja tu: “Mizunguko miwili, kaka, na hawakuona?”

Niseme wazi kwamba tangu nihamie huku nilikuwa nikiziogopa mbio hizi. Mimi mtu wa Mombasa nimekulia hadithi za Safari Rally, magari yenye matope na watu wote wa kijiji barabarani. Hizi za Marekani nilizijua kwa picha za bendera ile ya majimbo ya Kusini yaliyopigania utumwa, ikipepea juu ya kila hema. Bendera hiyo NASCAR iliipiga marufuku tarehe 10 Juni 2020, na jioni ya siku hiyohiyo mbio zilikuwa Martinsville, dereva Mweusi Bubba Wallace akiendesha gari jeusi lililoandikwa kwamba maisha ya watu Weusi yana thamani. Uwanja ni uleule ambao mwaka 2013 Wallace alishinda kwa pikapu, akawa Mweusi wa kwanza tangu Scott kushinda katika ngazi yoyote ya kitaifa ya NASCAR. Basi kama kuna mahali pa kwenda kujionea mwenyewe, nikaona ni hapa.

Kutoka Danville ni maili 30 hivi kuelekea magharibi, vilima vidogo na misonobari. Uwanja wenyewe uko Ridgeway, nje kidogo ya mji. Ulijengwa na H. Clay Earles na kufunguliwa mwaka 1947, kabla NASCAR yenyewe haijaundwa. Ni mdogo kuliko unavyodhani: mzunguko mmoja ni maili 0.526, yaani hata kilomita haifiki. Una nyoofu mbili ndefu na kona mbili kali, umebanwa kama kibanio cha karatasi. Nyuma ya upande wa mbali kuna reli, na kweli treni ya mizigo ilipita tukitafuta viti, taratibu kama haina habari na kelele zetu.

Watu walituangalia? Walituangalia, kama wanavyomwangalia mgeni yeyote aliyevaa kofia ya vito. Baada ya hapo walirudi kwenye chakula chao. Chakula cha uwanja huu ni soseji ya rangi ya waridi ndani ya mkate, juu yake haradali, mchuzi wa nyama, kabichi na vitunguu, imefungwa kwa karatasi ya nta. Siku ile bei ilikuwa dola 2. Jirani alikula mbili, akasema ya kwanza ilikuwa ya kuonja.

Bibi mmoja mwenye nywele nyeupe, aliyekaa mbele yetu, aliniona nimeshika pakiti ya tende siifungui. Akauliza kama naumwa. Nilipomweleza, alinyanyua simu yake akatafuta saa ya jua kuzama, na tangu hapo akawa ananiangalizia wakati kuliko mimi mwenyewe. Adhana ya simu yangu sikuisikia, maana injini zilikuwa zimeshawashwa na pikapu zinazunguka polepole nyuma ya gari la kuongoza. Bibi ndiye aliyegeuka akanionyesha kidole gumba. Nikala tende tatu, nikanywa maji, na kabla sijagusa sambusa bendera ya kijani ya kuanzisha mbio ikapepea.

Pikapu hizi ni pikapu kwa umbo tu. Bodi mwaka ule zilikuwa na sura ya Chevrolet Silverado, Ford F-150 au Toyota Tundra, lakini chini ni fremu ya mabomba na injini ya V8, na kule nyuma, ambako kwetu tungepakia magunia ya mkaa, kumefunikwa bapa. Zilianza kushindana mwaka 1995. Miaka ile ya mwanzo katikati ya mbio kulikuwa na mapumziko kama ya mpira, kwa sababu viwanja vingi vidogo havikuwa na nafasi nzuri ya kubadilishia tairi. Jirani alichagua Toyota zote kwa pamoja. Kwa mtu wa Kivu, alisema, hilo halina mjadala.

Nilidhani nitaona mwendo kasi. Nilichoona ni breki. Kila mzunguko huchukua sekunde 20 hivi, na katika muda huo dereva anakanyaga mafuta mara mbili na kukanyaga breki mara mbili, kwa nguvu zote, halafu anarudia mara 200. Giza lilipoingia, diski za breki zilionekana nyekundu ndani ya magurudumu kila pikapu ilipoingia kona. Anayeua breki mapema hana cha kumalizia. Na kwa kuwa njia nzuri ni ile ya ndani peke yake, wa nyuma hapiti kwa kuomba: anamgusa wa mbele kwa bampa, anamsogeza juu kidogo, kisha anajipenyeza chini. Akimgusa kwa ustaarabu, watu wanapiga makofi. Akimgusa vibaya, bendera ya njano ya kupunguza mwendo inatoka na yule aliyezungushwa anakumbuka namba ya aliyemgusa.

Tulikodi hedifoni moja ya kusikiliza redio za timu, tukawa tunapokezana. Juu ya paa la jengo la uwanja husimama mtu wa kila dereva, kazi yake kumwambia nani yuko ubavuni. Nilimfuata Rajah Caruth, kijana wa namba 71, aliyeanzia kwenye mbio za kuchezwa kwenye kompyuta na ambaye Machi 2024 alishinda Las Vegas. Scott, Wallace, kisha yeye: hao ndio Weusi watatu wa kwanza kushinda katika ngazi za kitaifa. Hakushinda usiku ule, lakini jirani alisimama kila alipopita, akisahau kwamba ile si Toyota.

Ushindi ulikwenda kwa Daniel Hemric wa namba 19, wa kwanza kwake katika pikapu. Martinsville hawatoi kikombe. Tangu mwaka 1964 mshindi hupewa saa ya kusimama sakafuni, ya mbao, ndefu kuliko mtu. Jirani aliiangalia akatikisa kichwa: “Hiyo namna gani utaipandisha kwenye basi?”

Kutoka kwenye maegesho kulichukua muda mrefu kuliko nilivyotaka, na safari hii tulishika barabara ya 220 moja kwa moja. Jirani alikuwa tayari anapanga kurudi na watoto wake Oktoba, pikapu zitakapokuja tena. Hedifoni atawapa wao, alisema, sisi wazee tuzibe masikio kwa vidole. Nikamwambia Oktoba si Ramadhani, kwa hiyo ajue kwamba zile karanga zake nami nitazila bila huruma yoyote, na sambusa nitabeba za kwangu peke yangu.