Chui wa Nchi ya Joto

Hapa Lamu barafu ni kitu cha samaki. Ukiitaja, mtu anafikiria vipande vinavyopondwa alfajiri gatini na kutandazwa juu ya changu na tafi kabla ya boti kuondoka kwenda Mokowe, na mchuuzi anayechelewa akakuta barafu imekwisha anajua kwamba siku hiyo atauza kwa hasara. Kwa hiyo ninaposema kwamba mimi, mtoto wa Langoni, nimekesha miaka kadhaa nikitazama hoki ya barafu, wanaume wakipigana vikumbo juu ya barafu ili wakitie wavuni kisahani cheusi cha mpira, watu huninyamazia kwa adabu. Mzee mmoja jirani yetu aliniuliza iwapo samaki wao wamewekwa chini yake.

Nilianza mwaka 2018, nilipotumiwa video ya timu ya hoki ya vijana wa Kenya, Ice Lions, ambao walikuwa wakifanyia mazoezi kwenye uwanja mdogo wa barafu ulio ndani ya hoteli ya Panari, Nairobi. Kwa kuwa hapakuwa na timu nyingine ya kushindana nayo, walikuwa wakicheza wao kwa wao, hadi walipoalikwa Kanada kucheza mechi ya kwanza dhidi ya wageni, na walipofika chumba cha kubadilishia nguo wakawakuta Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wawili wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, wamevaa jezi kama zao, tayari kucheza upande wao. Nilipokwenda Nairobi kwenye harusi ya binamu yangu, nilipita Panari nikakodi viatu vya kutelezea. Sitasema mengi kuhusu dakika zile ishirini, isipokuwa kwamba niliujua ukuta wa uwanja ule kwa viganja vyote viwili, na kwamba msichana mdogo alinizunguka mara nyingi akiniamkia kila alipopita.

Timu yangu katika ligi hiyo ni Florida Panthers, yaani chui wa Florida, na nimeichagua kwa sababu ambayo mtu wa pwani hahitaji kuelezwa sana. Wanacheza katika mji wa Sunrise, ukingoni mwa vinamasi vya Everglades, mahali ambapo hewa ya nje ni nzito na yenye unyevu kama ya kwetu kabla ya mvua za masika. Ndani, chini ya sakafu ya saruji, yamelazwa mabomba yanayopitisha maji ya chumvi yaliyopozwa mno, na juu ya sakafu hiyo maji hunyunyizwa tabaka baada ya tabaka hadi yagande kwa unene wa takriban sentimita mbili na nusu. Barafu yote hiyo, yenye urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, hulindwa usiku na mchana isiyeyuke. Mtu aliyewahi kusindikiza sanduku la nguru kutoka Kizingitini chini ya jua la mchana anaelewa kazi hiyo.

Mashabiki wa Kanada hawapendi habari hii ya joto, nami nawaelewa. Mchezo ni wao, lakini hadi 2025 timu ya kwao ilikuwa haijatwaa Kombe la Stanley, yaani kombe la bingwa wa ligi, tangu Montreal ilipofanya hivyo mwaka 1993. Kuanzia 2020 hadi 2025 kombe lilikwenda Tampa Bay, iliyo jimbo hilohilo la Florida, mara mbili, Colorado, Vegas iliyo jangwani, kisha Florida mara mbili mfululizo, 2024 na 2025, kwa hiyo katika makombe sita ni moja tu lililokwenda mahali penye theluji. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kodi: jimbo la Florida halitozi kodi ya mapato, na kwa kuwa kila timu imewekewa kikomo kimoja cha mishahara, ambacho msimu wa 2024/25 kilikuwa dola milioni 88, mchezaji anaweza kukubali mshahara mdogo kule na bado akabaki na fedha nyingi mfukoni.

Hoja hii ina ukweli wake, lakini mimi naiona kama kisingizio cha nahodha anayelaumu upepo ambao jahazi zote zimeupata. Tennessee nayo haitozi kodi hiyo kwenye mishahara, na Nashville hawajawahi kulishika kombe. Texas haitozi, na Dallas wamelitwaa mara moja tu, mwaka 1999. Panthers wenyewe, walioanza kucheza 1993 na kufika fainali ya 1996, ambako anayetangulia kushinda mechi nne ndiye bingwa, nao wakafungwa nne kwa bila na Colorado, walikaa kuanzia hapo hadi 2022 bila kushinda hata raundi moja ya mtoano. Miaka yote hiyo kodi ilikuwa ileile na bahari ileile, na wao walikuwa wabovu.

Kilichobadilika ni namna wanavyokaba, na hili ndilo linalonifanya nikeshe. Anayeanza kutazama hoki huifuata paki, yaani kisahani chenyewe, na hujichosha bure, kwa sababu ni kitu cha gramu 170 kinachogandishwa kabla ya mchezo ili kisirukeruke, nacho hupita kasi kuliko jicho. Ukitaka kuwaona Panthers, iache paki, uwatazame washambuliaji watatu wasiokuwa nayo. Paki inapotupwa nyuma ya lango la wapinzani, wa kwanza humwendea beki, ila hamwendei kwa kumpokonya: humkata upande mmoja, ili abakiwe na njia moja tu ya kukimbilia. Njia hiyo wa pili ameshaitangulia, bega lake liko karibu na ukuta. Wa tatu husimama mbali kidogo, katikati, asifanye lolote la kuvutia kamera, mpaka beki anapoingiwa na hofu na kuisukuma paki katikati, na hapo ndipo inapodhihirika kwamba aliyesimama alikuwa akiingojea mahali hapohapo. Hilo ni juya, wavu wa kukokota. Wanaovuta upande huu, wanaovuta upande ule, na mmoja anayesubiri palipo na mfuko wa wavu. Serikali imepiga marufuku juya kwenye pwani yetu, lakini marufuku hiyo haijafika Sunrise.

Huvuta kwa zamu, tena kwa zamu fupi sana, kwani mchezaji hukaa barafuni takriban sekunde 45 kisha huruka ukuta kwenda kupumzika na mwenzake akaingia huku mchezo ukiendelea. Mpwa wangu, ambaye moyo wake uko kwenye kandanda, hilo ndilo lililomshangaza kuliko ngumi. Aliniuliza, "Mjomba, hawa wanalipwa mamilioni kwa kazi ya sekunde arobaini?" Nikamwambia ahesabu pumzi zao wanapokaa benchini.

Mechi ninayoikumbuka kuliko zote ni ya saba ya fainali ya 2024 dhidi ya Edmonton Oilers. Panthers walikuwa wameshinda tatu za mwanzo, wakahitaji moja tu, kisha Oilers wakawapiga nane kwa moja, tano kwa tatu na tano kwa moja, mpaka ikawa tatu kwa tatu na sisi wafuasi wa chui hatuna la kusema. Mechi ya saba ilianza saa tisa usiku kwa saa za kwetu, usiku wa kuamkia tarehe 25 Juni, siku ambayo Wakenya wengi wanaikumbuka kwa sababu nyingine kabisa. Tulikuwa wawili, mimi na mpwa wangu, simu imeegemezwa kwenye birika la kahawa. Carter Verhaeghe alifunga mapema, Mattias Janmark akasawazisha kabla hatujamaliza kushangilia, na katika kipindi cha pili Sam Reinhart akapiga paki kutoka kulia, ikawa mbili kwa moja.

Adhana ya Alfajiri iliniwahi katika kipindi cha tatu. Nilikaa kidogo, nikatazama muda uliobaki, nikajiambia kwamba iqama bado. Kisha nikaona haya, nikavaa kofia, nikatoka. Sidhani kama niliwahi kuutembea uchochoro ule kwa kasi namna hiyo, kwenda na kurudi, na nakiri kwamba katika safu ya msikitini moyo wangu ulimkumbuka Sergei Bobrovsky, kipa wetu, zaidi ya ilivyostahili. Niliporudi nilikuta glavu na kofia za kinga zimezagaa barafuni na wachezaji wamerundikana golini. Mpwa wangu alikuwa amesimama katikati ya chumba, mkono mdomoni, akiogopa kupiga kelele kwa kuwa mamake amelala. Nahodha Aleksander Barkov alipokabidhiwa kombe alilinyanyua, kisha mtu wa kwanza kumpa alikuwa Bobrovsky, nami nililiona hilo kwa macho yangu.

Usiku ule tuzo ya mchezaji bora wa mtoano alipewa Connor McDavid wa upande ulioshindwa, na hakutoka chumbani kwenda kuichukua. Wapo waliomlaumu. Mimi siwezi. Alikuwa amemaliza mtoano na pointi 42, yaani mabao na pasi za mabao kwa jumla, akitoa pasi za mabao 34, idadi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia, lakini katika mechi mbili za mwisho hakupata pointi hata moja kwa sababu Barkov na wenzake walimfungia kila mlango. Naamini ndiye mchezaji bora aliye hai. Anapochukua paki katikati ya uwanja, mabeki huanza kurudi nyuma kabla hajaamua aende wapi. Mwaka uliofuata timu hizo mbili zilikutana tena fainali, akashindwa tena, safari hii mechi nne kwa mbili, na katika ya sita Reinhart akafunga mabao manne peke yake.

Fainali hiyo ya 2025 ilikuwa ya Brad Marchand. Huyu alicheza Boston tangu 2009 na kwa miaka mingi nilimchukia kwa dhati, kwa kuwa ni mchokozi wa kiwango ambacho mwaka 2018 alifikia hatua ya kumlamba mpinzani usoni. Mwezi Machi 2025 akahamishiwa kwetu, na nililazimika kumpenda kama mtu anavyolazimika kumpenda shemeji. Akiwa na miaka 37 alifunga mabao sita katika fainali, likiwemo lile lililomaliza mechi ya pili katika muda wa nyongeza wa pili, wakati sisi huku jua limeshatoka.

Wenzake humwita panya, na baada ya kila ushindi walikuwa wakimpigia panya wa plastiki kwa magongo yao anapotoka uwanjani. Panya hao wana historia. Mwaka 1995 Scott Mellanby alimuua panya halisi kwa gongo ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, akatoka akafunga mabao mawili, na tangu hapo mashabiki wakawa wanarusha panya wa bandia barafuni hadi ligi ikalazimika kutunga kanuni ya kuwazuia. Nilipowasimulia watu barazani, mmoja alisema kwamba huko hawana paka. Kisiwa chetu kina paka wa kuwagawia majimbo yote ya Marekani, na ningependa kuona panya, hata wa plastiki, akidondoka Mkunguni.

Mara moja tu hoki imetuhurumia kwa saa, nayo ilikuwa Jumapili ya tarehe 6 Aprili 2025, wakati Alexander Ovechkin wa Washington Capitals alipokuwa akitafuta bao la 895 ili ampite Wayne Gretzky, aliyestaafu mwaka 1999 akiwa na 894. Mechi dhidi ya New York Islanders ilianza saa moja na nusu usiku kwetu, hivyo baada ya Isha niliweka simu barazani na watu sita wakakusanyika, wengi wao kwa ajili ya kahawa. Ovechkin alisimama palepale anaposimama kila siku, kwenye duara la kushoto, mahali ambapo kila kipa duniani anajua atakuwa, akapokea pasi, akapiga, ikaingia. Kisha akajitupa kifudifudi akateleza kwa tumbo.

"Ameumia huyo?" akauliza mzee jirani yetu.

"La, mzee wangu, amefurahi."

"Basi kanzu yake ni nzito."

Niliwaeleza kwamba hiyo ilikuwa mechi yake ya 1,487, na Gretzky naye alimaliza maisha yake ya ligi na mechi 1,487. Takwimu hiyo iliwagusa kuliko bao lenyewe, wakaijadili mpaka kahawa ikapoa, na hakuna aliyegundua kwamba Washington walifungwa nne kwa moja.

Naandika haya wiki moja kabla ya msimu wa 2025/26 kuanza, nami sina raha. Barkov aliumia goti vibaya siku ya kwanza ya mazoezi mwezi Septemba, na inasemekana atakosa msimu mzima wa kawaida. Matthew Tkachuk naye amefanyiwa upasuaji na hatarudi hivi karibuni. Pengo la Tkachuk ni la mabao na kelele, na mabao hupatikana. La Barkov ndilo linalonitia wasiwasi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akisimama kwenye mfuko wa juya, na ndiyo maana amepewa mara tatu tuzo ya mshambuliaji anayelinda vyema. Natarajia mahali pake atasimama Anton Lundell, Mfini mwenzake, ambaye ana subira ileile ingawa mikono yake bado ni mifupi. Mechi ya kwanza ni dhidi ya Chicago, Jumanne tarehe 7 Oktoba, saa sita usiku kamili, muda ambao kwetu ni wa anasa. Mpwa wangu ameahidi kuja na chaja yake, na mamake ameshaonywa.